Athari za joto kwenye tishu katika tiba ya vena varikosi

Athari za joto kwenye tishu katika tiba ya vena varikosi ni mabadiliko yanayotokea katika ukuta wa vena, katika damu iliyomo na katika tishu za jirani pale daktari anapofunga vena mbovu ya mguu kwa kuichoma kutoka ndani. Tiba hiyo hufanywa kupitia tundu dogo la sindano, bila kupasua mguu. Joto hutoka kwa leza, kwa umeme wa mawimbi ya redio au kwa mvuke wa maji.

Mara nyingi hudhaniwa kwamba joto hufunga vena kwa kugandisha damu. Lengo lenyewe ni jingine: kuua ukuta wa vena, ili unywee na kugeuka kovu. Vena iliyozibwa na bonge la damu tu inaweza kufunguka tena. Joto likizidi, nalo linaweza kutoboa vena, kuunguza ngozi au kujeruhi neva. Kwa hiyo mafanikio ya tiba hutegemea kiasi cha joto na mahali linapofika.

== Vena varikosi ==

Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Katika miguu damu hupanda kinyume cha uzito wake, ikisukumwa na misuli ya mguu mtu anapotembea. Ndani ya vena kuna vali ndogo zinazoruhusu damu kupanda na kuizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hurudi nyuma, shinikizo huongezeka, na vena zilizo karibu na ngozi hutanuka na kujipindapinda. Hizo ndizo vena varikosi.

Vena zinazohusika zaidi ni mbili. *Vena safena kubwa* huanzia kwenye kifundo cha mguu upande wa ndani, hupanda hadi kinenani na huko humwaga damu katika vena ya ndani ya paja. *Vena safena ndogo* hupita nyuma ya mguu hadi karibu na goti. Kwa kipimo cha ultrasaundi, damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde katika vena hizo, vali huhesabiwa kuwa mbovu.

Mambo yanayoongeza uwezekano wa ugonjwa ni pamoja na umri, ujauzito, unene, kurithi, na kazi za kusimama kwa muda mrefu kama ualimu, uuzaji wa duka na ulinzi. Wagonjwa wengi huhisi uzito na maumivu ya miguu jioni. Shinikizo likiendelea kwa miaka mingi, ngozi karibu na kifundo inaweza kuwa nyeusi na ngumu, na hatimaye kufanya kidonda kisichopona kwa urahisi.

== Historia ya tiba ==

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza namna ya kufunga vena safena kubwa pajani kwa uzi. Mwaka 1907 Mmarekani William Babcock alieleza jinsi ya kuing'oa kwa waya uliopitishwa ndani yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kung'oa vena kulikuwa tiba ya kawaida. Kulihitaji nusukaputi au ganzi ya mgongo, na kuliacha maumivu na damu nyingi iliyovilia chini ya ngozi.

Mwaka 1987 daktari wa ngozi Jeffrey Klein wa Marekani alieleza ganzi inayochanganywa katika maji mengi na kudungwa kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Ganzi hiyo baadaye iliwezesha kuchoma vena mgonjwa akiwa macho. Katheta za mawimbi ya redio ziliidhinishwa Ulaya mwaka 1998 na Marekani mwaka 1999. Mwaka huohuo wa 1999 Mhispania Carlos Boné alitoa taarifa ya kutumia leza ndani ya vena. Tiba ya mvuke ilifuata katika miaka ya 2000.

== Jinsi tiba inavyofanyika ==

Daktari hutazama vena kwa ultrasaundi, huitoboa kwa sindano na kupitisha ndani yake katheta au uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga wa leza. Ncha husogezwa hadi sentimita 2 au 3 kabla ya mahali vena safena inapoungana na vena ya ndani. Nafasi hiyo huachwa makusudi ili joto lisifike kwenye vena ya ndani, ambayo ndiyo njia kuu ya damu ya mguu.

Kisha maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokaini, adrenalini na sodiamu baikaboneti hudungwa kuizunguka vena. Maji hayo hufanya kazi nne:
* huondoa maumivu;
* hubana vena ili damu itoke na ukuta ukaribie chanzo cha joto;
* hufyonza joto linalotoka nje ya vena;
* husogeza ngozi na neva mbali na vena.

Baada ya hapo chanzo cha joto huwashwa na kurudishwa chini polepole au hatua kwa hatua. Mgonjwa huweza kusimama na kutembea mara baada ya tiba, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

== Joto na tishu hai ==

Tishu hubadilika kulingana na kiwango cha joto na muda inaokaa katika joto hilo. Viwango vifuatavyo ni vya makadirio:
* Sentigredi 42 hadi 50: seli hudhoofika na vimeng'enya hupungua nguvu. Muda ukiwa mfupi, seli nyingi hupona.
* Kuanzia sentigredi 60 hivi: protini hupoteza umbo lake na kuganda, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe jikoni. Seli hufa, na nyuzi za kolajeni huanza kunywea.
* Sentigredi 100: maji yaliyomo katika damu na tishu huchemka na kuwa mvuke.
* Zaidi ya sentigredi 150: tishu hukauka na kuwa makaa.

Muda una uzito sawa na kiwango. Joto la wastani likikaa kwa sekunde nyingi linaweza kuua seli sawasawa na joto kali la muda mfupi. Ndiyo maana mashine hupangwa kwa viwango viwili pamoja: nguvu ya joto na kasi ya kurudisha katheta.

== Mabadiliko katika ukuta wa vena ==

Ukuta wa vena una matabaka matatu, na kila moja huathiriwa kwa namna yake.

*Tabaka la ndani* ni safu moja ya seli iitwayo endotheli. Kazi yake mojawapo ni kuzuia damu isigande ovyo. Joto huiharibu kwa urahisi. Ikiondoka, damu iliyobaki hukutana na tishu tupu na kuanza kuganda.

*Tabaka la kati* lina misuli laini. Seli zake zikifa, ukuta hauwezi tena kujikaza wala kujitengeneza upya. Ikiwa sehemu kubwa ya tabaka hili itabaki hai, seli zake zinaweza kuongezeka na kusaidia njia ya damu kurudi.

*Tabaka la nje* lina kolajeni nyingi. Nyuzi za kolajeni zimesukwa mfano wa kamba ya nyuzi tatu. Joto hufungua msuko huo, na nyuzi hujikunja na kuwa fupi na nene, kama ngozi ya ng'ombe inavyojikunja ikitiwa katika maji ya moto. Hapo kipenyo cha vena hupungua na ukuta huwa mnene kuliko awali.

Kifo cha seli na kunywea kwa kolajeni ndiyo athari zinazotafutwa. Bonge la damu linalobaki katikati si la lazima, na likiwa dogo ni bora zaidi. Bonge kubwa huchukua muda mrefu kuondolewa na mwili, huleta maumivu, na linaweza kutobolewa na vijia vipya vya damu.

== Tofauti kati ya vyanzo vya joto ==

=== Mawimbi ya redio ===

Katheta za kwanza zilipitisha umeme moja kwa moja katika ukuta wa vena na kuupasha hadi sentigredi 85 hivi, huku zikirudishwa polepole sana. Katheta zilizofuata, zilizoanza kutumika katikati ya miaka ya 2000, zina kipande cha sentimita 7 kinachopashwa hadi sentigredi 120 kwa sekunde 20, kisha husogezwa hadi kipande kinachofuata cha vena. Katika hizi umeme hupasha kipande cha katheta, nacho huhamishia joto ukutani kwa kuugusa.

Kwa kuwa kipimajoto kipo katika katheta yenyewe, mashine hupunguza au kuongeza nguvu ili joto libaki palepale. Matokeo yake ni ukuta ulioungua kwa usawa, na kutoboka kwa vena ni nadra.

=== Leza ===

Mwanga wa leza hugeuka joto pale unapofyonzwa. Leza za nanomita 810, 940 na 980 hufyonzwa zaidi na himoglobini ya damu. Leza za nanomita 1320 na 1470 hufyonzwa zaidi na maji, ambayo ni sehemu kubwa ya ukuta wa vena.

Damu iliyo mbele ya ncha huchemka na kutoa viputo vya mvuke vinavyopeleka joto ukutani. Damu nyingine huungua na kushikamana na ncha kama masizi. Masizi hayo hufyonza mwanga na kuwaka, na joto la nchani linaweza kupita sentigredi 1,000, ingawa ukuta wenyewe hupata joto la chini zaidi. Ncha tupu ikigusa ukuta mahali pamoja, hutoboa tundu pale, huku upande wa pili wa vena ukiwa umeungua kidogo. Kutoboka huko ndiyo sababu kubwa ya damu kuvilia na maumivu ya siku za kwanza baada ya leza za mwanzo.

Ncha za kisasa hutawanya mwanga pande zote kama pete. Zikitumiwa pamoja na leza zinazofyonzwa na maji, hugawanya joto kwa usawa zaidi na kupunguza matundu.

=== Mvuke ===

Mvuke wa maji wa sentigredi 120 hivi hupulizwa kidogokidogo kupitia katheta nyembamba. Unapogusa ukuta hurudi kuwa maji na kuachia joto lililohifadhiwa ndani yake. Mvuke hufuata mikunjo ya vena, kwa hiyo unaweza kufika mahali ambapo katheta ngumu haipiti kwa urahisi.

== Kipimo cha nishati ==

Kwa leza, kiasi cha joto huhesabiwa kwa jouli kwa kila sentimita ya vena. Nguvu ya wati 10 ni jouli 10 kila sekunde. Ikiwa uzi unarudishwa sentimita 1 kila sekunde 7, vena hupata jouli 70 kwa sentimita. Viwango vya jouli 60 hadi 100 kwa sentimita vimetumika sana.

Kiwango kilekile hakileti matokeo yaleyale katika kila vena. Vena pana ina damu zaidi, na damu hiyo hufyonza joto kabla halijafika ukutani. Kwa sababu hiyo madaktari huinua miguu ya mgonjwa juu ya kichwa chake, hubana vena kwa maji ya ganzi na kuikandamiza kwa kidole au kwa kifaa cha ultrasaundi. Kuondoa damu kwanza mara nyingi hufaa kuliko kuongeza nguvu ya mashine.

== Athari kwa tishu za jirani ==

* Neva. Chini ya goti, neva ya safena hupita karibu sana na vena safena kubwa. Nyuma ya mguu, neva ya surali hupita karibu na vena safena ndogo. Joto likizifikia, mgonjwa huhisi ganzi au mchomo kwenye ngozi. Mara nyingi hali hiyo hupungua kwa wiki au miezi, lakini inaweza kudumu.
* Ngozi. Vena iliyo chini ya ngozi kwa chini ya sentimita 1 huhitaji kusukumwa ndani zaidi kwa maji ya ganzi, la sivyo ngozi inaweza kuungua.
* Vena za ndani. Bonge la damu linaweza kukua kutoka vena iliyochomwa na kuingia katika vena ya ndani. Hupangwa katika daraja nne: daraja la 1 huishia kwenye maungio, la 2 huziba chini ya nusu ya vena ya ndani, la 3 huziba zaidi ya nusu, na la 4 huiziba kabisa. Ni nadra bonge kusafiri hadi mapafuni, lakini likifika huko linaweza kuua. Kuvimba mguu ghafla, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua baada ya tiba ni dalili za kwenda hospitali mara moja.
* Rangi ya ngozi. Mwanga wa leza hii hutolewa ndani ya vena, kwa hiyo melanini ya ngozi nyeusi haiuzuii wala haiufyonzi. Ni tofauti na leza zinazomulikwa juu ya ngozi, ambazo zinaweza kuunguza au kubadili rangi ya ngozi nyeusi. Hata hivyo uvimbe wa vena ndogo za juu unaweza kuacha mstari mweusi unaofifia kwa miezi.

== Uponyaji ==

Katika siku za kwanza ukuta uliokufa huvutia chembe nyeupe za damu. Mgonjwa anaweza kuhisi kamba ngumu yenye maumivu pajani, hasa wiki ya kwanza. Hiyo ni sehemu ya uponyaji na si lazima iwe maambukizi.

Katika wiki zinazofuata chembe hizo hula mabaki ya seli na damu iliyoganda. Seli zinazotengeneza kolajeni huingia na kujaza nafasi kwa tishu ya kovu. Baada ya miezi kadhaa vena huwa uzi mwembamba, na baada ya mwaka mmoja hivi mara nyingi ni vigumu kuiona kwa ultrasaundi. Damu iliyokuwa ikipita humo hupata njia nyingine katika vena zenye vali nzima.

== Matokeo na kufunguka tena ==

Zaidi ya vena 9 kati ya 10 hubaki zimefungwa baada ya mwaka wa kwanza. Zinazofunguka hueleweka kwa kutazama tishu: joto lilipokuwa haba, endotheli au misuli ya tabaka la kati ilisalia hai, na vena ilifungwa na bonge la damu tu. Mwili ulipoyeyusha bonge hilo, njia ikarudi. Hata vena ikifungwa vizuri, vena nyingine za mguu zinaweza kuharibika baadaye, kwa kuwa joto haliondoi chanzo cha ugonjwa.

Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza tiba ya joto iwe chaguo la kwanza kwa vena safena mbovu, ikifuatiwa na povu la dawa, kisha upasuaji. Utafiti wa CLASS wa Uingereza, uliowashirikisha wagonjwa 798, ulionyesha baada ya miaka 5 kwamba hali ya maisha kuhusiana na vena ilikuwa bora kwa waliotibiwa kwa leza au upasuaji kuliko kwa povu.

Utafiti wa EVRA, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu wagonjwa 450 wenye vidonda vya miguu. Waliofungwa vena mapema walipona kwa muda wa kati wa siku 56. Waliosubiri walipona kwa siku 82. Makundi yote mawili yalifungwa bandeji za kubana. Ushahidi huo unaonyesha kwamba tiba hii haihusu urembo wa mguu pekee.

== Afrika Mashariki ==

Mashine za tiba hii hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Nchini Tanzania, mafunzo ya radiolojia tiba, yaani fani ya kutibu kwa katheta zinazoongozwa na picha, yalianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018 kwa msaada wa mradi wa Road2IR.

Kwa mtu anayeishi mbali na Dar es Salaam, kama mkazi wa Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, jambo la kwanza ni kujua hakika ya ugonjwa kabla ya kufunga safari. Mguu uliovimba au wenye kidonda una sababu nyingi: matende, ugonjwa wa moyo au figo, kisukari, na seli mundu, ambayo nayo huleta vidonda karibu na kifundo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na seli mundu. Kuchoma vena hakutibu lolote kati ya hayo. Na ikiwa vena za ndani zimeziba, vena za juu zilizotanuka zinaweza kuwa ndiyo njia iliyobaki ya damu, na kuzifunga kunaweza kudhuru. Ultrasaundi ya vena hutofautisha hali hizo, na rufaa hufuata ngazi za huduma kuanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi hospitali ya rufaa ya mkoa na zilizo juu yake.

Wakati wa kusubiri, kutembea, kuinua miguu wakati wa kupumzika na kupunguza uzito husaidia kushusha shinikizo. Bandeji au soksi za kubana husaidia pia, lakini kwanza mtaalamu apime kama damu ya ateri inafika mguuni vizuri, kwa kuwa kuubana mguu wenye ateri zilizoziba ni hatari. Hatua hizo hazirekebishi vali mbovu, ila hupunguza maumivu na kusaidia kidonda kupona.

== Tazama pia ==

* Vena
* Ateri
* Kolajeni
* Leza
* Matende
* Seli mundu